Mvua Haina Mpaka: Historia ya Chakula na Ujirani katika Rungwe



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, juma hili tunapenda tutafakari pamoja juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisikia redioni kana kwamba linawahusu watu wa mbali, yaani mabadiliko ya tabianchi na usalama wa chakula. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Rungwe tumezoea kuhesabiwa miongoni mwa wenye bahati. Mvua tunayo. Migomba yetu ni ya kijani mwaka mzima, na malori hupanda kutoka Kiwira kuelekea Uyole yakiwa yamesheheni ndizi, viazi na maparachichi ya kuwalisha watu wa mijini. Ndiyo maana suala la njaa huonekana kwetu kuwa ni la Dodoma au la Turkana, wala si la Tukuyu.

Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tungeongeza kwamba mara nyingi mwenye shibe hajui hata shibe yake imetoka wapi. Tukiisoma vema historia ya nchi hii, tutaona kwamba shibe ya Rungwe haikushuka kutoka mawinguni peke yake. Ilisimama juu ya mambo mawili: ardhi iliyotunzwa, na ujirani uliowavuka watu wa kijiji kimoja, wa kabila moja, na hatimaye wa nchi moja. Leo mambo hayo mawili yanajaribiwa kwa wakati mmoja.

NCHI ILIYOBARIKIWA

Mlima Rungwe una urefu wa takriban mita 2,960. Ni volkano iliyolala, na majivu yake ndiyo yaliyofanya udongo wetu kuwa mweusi na mwororo. Jirani yake, Kiejo, ilitoa uji wa moto mara ya mwisho yapata mwaka 1800, jambo ambalo kwa historia ya dunia ni kama la jana. Upande wa kusini liko Ziwa Nyasa. Upepo unaotoka ziwani hubeba unyevunyevu, hugonga milima, na unapopanda hupoa na kunyesha. Kwa sababu hiyo ziko sehemu za miteremko ya Rungwe zinazopata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma kwa wastani haifikishi 600.

Msafiri Joseph Thomson, kijana kutoka Uskoti, alipopita pande hizi mwaka 1879 alivutiwa mno na usafi wa vijiji na uzuri wa migomba yake. Alichokiona kilikuwa kazi ya mikono ya watu. Wanyakyusa walifukia majani katika matuta ili yaoze na kuwa mbolea. Walibadilisha mazao shambani, na wanaume walishika jembe sawasawa, jambo ambalo wageni wengi walilistaajabia. Chini ya mgomba walipanda maharage na magimbi. Ng'ombe alitoa samadi, samadi ikalisha mgomba, na mgomba ukalisha nyumba.

Tuutazame kidogo mgomba wenyewe, maana una fundisho. Hindi likikosa mvua kwa majuma matatu wakati wa kutoa mbelewele, mavuno ya mwaka mzima hupotea. Mgomba hauna msimu mmoja wa kufa na kupona: huu unazaa, ule unachipua, na mwingine unangoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipoangamiza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na kufika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, familia zenye shamba la migomba na mazao mchanganyiko hazikubaki mikono mitupu. Kuwa na vyakula vya aina nyingi shambani ndiyo ghala la kwanza la mkulima, nalo ni ghala lisilohitaji paa.

MVUA ILIKUWA JAMBO LA WOTE

Kati ya mwaka 1934 na 1938 wataalamu wawili wa elimu ya jamii, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa na kuandika habari zao. Baadaye Monica Wilson alichapisha vitabu kadhaa, kimojawapo mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika. Wasomaji wetu wazee watakumbuka walivyosimuliwa mpango huo. Vijana wa kiume wa umri mmoja walitoka nyumbani kwa wazazi wao, wakajenga vibanda pamoja pembeni mwa kijiji, na kadiri walivyokua ndivyo kibanda kilivyokuwa nyumba, na kundi la vibanda likawa kijiji.

Jambo linalotuhusu zaidi ni habari ya chakula. Kijana aliendelea kula kwa mama yake, ila hakwenda peke yake. Alikwenda na rafiki zake, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Mama aliyepika alijua kwamba anapikia kundi. Katika Kinyakyusa lipo neno ukwangala, maana yake kufurahia kuwa pamoja na wenzako, kula nao na kuzungumza nao. Aliyekula kwa kujificha alihesabiwa kuwa amevunja utu. Hapa hatusemi kwamba maisha yale yalikuwa paradiso. Yalikuwa na hofu zake, tuhuma za uchawi na mengine ambayo Injili iliyahukumu kwa haki. Tunasema tu kwamba chakula kilikuwa na sheria, na sheria hiyo ilikuwa ni kugawana.

Mvua nayo ilikuwa na sheria yake. Huko Lubaga, katika Selya, alikuwako kiongozi wa jadi aliyeitwa Lwembe, ambaye watu waliamini kwamba mvua na rutuba ya nchi zilitegemea uzima wake. Sisi Wakristo tunamwomba Mungu mmoja, Muumba wa mbingu na nchi, wala haturudi katika matambiko hayo. Lakini mwanahistoria hawezi kupita Lubaga bila kuuona ukweli mmoja: watu wa makabila na watawala mbalimbali walikubali kwamba mbingu iliyo juu yao ni moja, na kwamba ikikasirika lazima wakutane. Hata wale waliokuwa na ugomvi wa mipaka na wa ng'ombe hawakuweza kugawana mawingu.

Ujirani huo ulikuwa pia wa biashara. Juu ya milima ya Livingstone waliishi Wakinga, mafundi hodari wa kuyeyusha na kufua chuma. Kwao kuna baridi, nao walishuka na majembe hadi Rungwe, wakarudi na chakula. Jembe lililolima mgomba wa Mnyakyusa lilifuliwa na Mkinga, na mtoto wa Mkinga alikula ndizi ya Mnyakyusa. Hakuna kati yao aliyekuwa akijitosheleza.

MPAKA WA MWAKA 1890

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana sahihi mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika Mashariki. Katika pembe hii ya nchi mpaka ulifuata Mto Songwe. Ng'ambo moja wakabaki Wanyakyusa chini ya Wajerumani, na ng'ambo ya pili Wangonde chini ya Waingereza katika nchi ambayo leo ni Malawi. Ndugu hao walikuwa wakisikilizana kwa lugha na kutembeleana kwa ndoa. Wino uliwafanya kuwa raia wa dola mbili.

Mto, hata hivyo, haukusoma mkataba. Songwe hupita katika tambarare ya udongo laini kabla ya kuingia ziwani, na mafuriko makubwa yanapokuja huweza kubadili njia yake. Mkulima aliyelala upande huu wa mto anaweza kuamka akiwa upande wa pili, pamoja na shamba lake. Baada ya mashauriano ya miaka mingi, Tanzania na Malawi zilitiliana sahihi mwaka 2017 mkataba wa kuunda tume ya pamoja ya bonde la Mto Songwe, ili kuutuliza mto huo na kuyatumia maji yake kwa faida ya pande zote mbili. Mataifa hayo mawili bado hayajakubaliana kuhusu mpaka ndani ya ziwa lenyewe, na hata hivyo yameweza kukaa meza moja kwa ajili ya mto. Hilo ni jambo la kulishukuru.

NJAA ZISIZOTOKA MAWINGUNI

Yafaa tukumbuke pia kwamba si kila njaa huletwa na ukame. Katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala kusini mwa nchi, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Jenerali Northey yaliingia Tukuyu, mji uliokuwa ukiitwa Neu-Langenburg, mwezi Mei 1916. Pande zote mbili za vita hiyo ziliwachukua wanaume kuwa wapagazi, na zilichukua chakula cha wanakijiji. Ugogo, ambako vita na ukame vilikutana, watu wanaikumbuka njaa ya Mtunya ya miaka ile hadi leo.

Hapa ndipo tunapolipata fundisho la kwanza. Ukame huanzisha upungufu, lakini mara nyingi ni binadamu anayeugeuza upungufu kuwa njaa, ama kwa vita, ama kwa ulafi, ama kwa kufunga njia. Kinyume chake nacho ni kweli: Yusufu alipokuwa Misri hakuuzuia ukame wa miaka saba, bali aliweka akiba, na ghala lake likafunguliwa hata kwa wageni waliovuka mpaka kutoka Kanaani.

ZAO LA FEDHA NA KULEGEA KWA UJIRANI

Chai ilijaribiwa Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904. Kilimo chake cha biashara nchini kilianza mwaka 1926. Kahawa nayo ilienea katika mashamba ya wananchi, na vyama vya ushirika vikaundwa. Watu wakapata karo, mabati na nguo. Hatuna sababu ya kuyabeza maendeleo hayo, maana wengi wetu tumesomeshwa nayo.

Lakini kila zao huja na sheria zake. Mti wa kahawa hudumu miaka mingi, na aliyeupanda hataki kuuacha. Zamani rika liliweza kuhama na ardhi ikagawiwa upya. Baada ya kahawa ardhi ikawa ya mtu na watoto wake. Idadi ya watu iliongezeka, ardhi ikawa haba, na vijana wakaenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, na wengine hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Mtafiti P. H. Gulliver aliyaandika mabadiliko hayo mwaka 1958. Vijiji vya marika vikafifia, na mama akaanza kuwapikia wanawe tu.

Ushirika ungeweza kuwa ukwangala mpya. Kwa sehemu ulikuwa hivyo, mpaka vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa nchini mwaka 1976. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu virudi, lakini imani iliyovunjika hairudi kwa sheria pekee. Katika miaka hii limekuja parachichi, nalo lina soko zuri ng'ambo. Wapo wanaong'oa migomba ili kulipisha. Hatuwalaumu, kwa sababu mahitaji ya nyumba ni mengi. Tunawaomba tu wakumbuke kwamba parachichi la kuuza nje hutegemea bei inayopangwa mbali, na siku bei ikianguka mtoto hatalishwa kumbukumbu ya bei ya mwaka jana. Mwenye ekari mbili na aache walau sehemu ya migomba.

ZIWA LILILOSHUKA NA KUPANDA

Wapo wanaosema kwamba hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu zamani, na kwamba habari hizi za tabianchi ni za kututisha. Tuwajibu kwa heshima, maana nusu ya neno lao ni kweli. Matope yaliyotulia chini ya Ziwa Kisiba, pale Masoko, yamechimbwa na kusomwa na wanasayansi kama mtu asomavyo kitabu. Yanahifadhi kumbukumbu za zaidi ya miaka 40,000, zenye vipindi vya misitu mizito na vipindi vikavu. Ziwa Nyasa lenyewe, kati ya mwaka 1915 na 1935, lilikuwa limeshuka kiasi kwamba halikumwaga maji katika Mto Shire. Halafu, mwaka 1979 na 1980, lilipanda sana hata likafurika pwani zake. Babu na mjukuu waliona maziwa mawili tofauti katika ziwa moja.

Tofauti ya sasa ni chanzo na kasi. Tangu mwaka 1958 hewa ya ukaa imekuwa ikipimwa mfululizo katika mlima wa Mauna Loa, Hawaii. Mwaka ule zilihesabiwa sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo zimepita 420. Sehemu kubwa imetokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na sehemu nyingine na kukata misitu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa nusu ya pili ya karne ya 19.

Nyuzi moja na nusu zaonekana kidogo kwa mtu anayeota moto jikoni. Kwa mawingu si kidogo. Kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba unyevunyevu zaidi kwa takriban asilimia 7, nao ukishuka hushuka kwa kishindo. Kwa mimea vilevile: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kahawa ya arabika nchini Tanzania ulionesha kwamba mavuno yamekuwa yakipungua tangu miaka ya 1960 kadiri joto la usiku lilivyopanda. Wadudu waliozuiwa na baridi ya milimani nao wanapanda pamoja na joto. Baridi yetu, tuliyoizoea kuilalamikia asubuhi, ilikuwa ukuta wetu.

MSIMU MMOJA, MAJIRANI WAWILI

Tuutazame msimu wa 2023/2024, kwa kuwa ni historia tuliyoiona kwa macho. Tarehe 3 Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang liliufunika mji mdogo wa Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Mwezi Aprili 2024, hapa karibu, katika kata ya Itezi jijini Mbeya, mlima uliporomoka na tope likazifunika nyumba za watu. Wakati huohuo, ng'ambo ya mpaka, mahindi yalikuwa yanakauka yakiwa hayajabeba. Zambia ilitangaza janga la kitaifa mwishoni mwa Februari 2024. Malawi ilifuata mwezi Machi, ikitaja wilaya 23 kati ya 28. Malawi hiyohiyo ilikuwa imepigwa na kimbunga Freddy mwezi Machi 2023, kilichoua zaidi ya watu 600 nchini humo.

Hatupaswi kubebesha kila gharika jina la mabadiliko ya tabianchi. Wataalamu waliochunguza ukame ule wa kusini walisema kwamba El Niño ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu. Lakini waliochunguza mvua za mwisho wa mwaka 2023 Afrika Mashariki waliona kwamba joto la dunia lilizizidisha nguvu. Tukumbuke pia kwamba mlima usio na miti huporomoka upesi kuliko mlima wenye miti, iwe kuna El Niño au hakuna.

Sasa tuangalie kilichofuata. Mwaka 2024 Tanzania ilikubali kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Nyanda zetu za juu kusini ndizo mojawapo ya vyanzo vikuu vya mahindi ya nchi hii. Ilikuwa biashara, tena ya malipo, lakini ilikuwa pia kazi ya Yusufu: pale kwenye mavuno pakafungua ghala kwa pale palipokauka. Mkinga alishuka na jembe, akarudi na chakula.

Mwaka mmoja haukupita kabla ya kuonekana upande wa pili wa sarafu. Mwezi Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya mazao kutoka Tanzania yasiingie kwake, zikiwamo ndizi, ikieleza kwamba inawalinda wakulima wake. Afrika Kusini ilikuwa na zuio lake la ndizi la muda mrefu. Mwezi Aprili Tanzania ilijibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka nchi hizo mbili. Baada ya mazungumzo marufuku hiyo iliondolewa, na tunawashukuru waliokaa mezani. Lakini ndizi hazisubiri mazungumzo. Mkungu uliokatwa jumatatu hauwezi kungoja mawaziri hadi mwisho wa mwezi. Serikali zina sababu zake, na kumlinda mkulima wa kwako si dhambi. Hata hivyo tujiulize: ikiwa mwaka mmoja mvua huwanyima hawa na mwaka mwingine huwanyima wale, je, njia ya chakula ikifungwa kila panapotokea ugomvi, nani atasalimika?

MEZA YA MATAIFA

Swali hilohilo laulizwa ulimwenguni kote. Mataifa yalikubaliana juu ya mkataba wa tabianchi mwaka 1992, na Tanzania iliuridhia mwaka 1996. Ikafuata Itifaki ya Kyoto mwaka 1997 na Mkataba wa Paris mwaka 2015, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2018. Mwaka 2009, huko Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020 ili kuzisaidia nchi maskini. Kwa hesabu zao wenyewe kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, yaani kwa kuchelewa miaka miwili. Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, ulikubaliwa mfuko wa hasara na uharibifu. Mwaka 2024, huko Baku, iliahidiwa bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, ilhali nchi zinazoendelea zilisema mahitaji yanafikia trilioni 1.3. Januari 2025 Marekani ilitangaza kujitoa katika Mkataba wa Paris.

Afrika nzima huchangia takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayomwagwa duniani kila mwaka. Kwa hiyo tunapodai msaada hatuombi sadaka. Tunadai haki, kama jirani ambaye shamba lake limechomwa na moto ulioanzia kwa mwenzake. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba tabianchi ni mali ya wote na ni kwa ajili ya wote. Wazee waliokutana kwa ajili ya mvua wasingehitaji maelezo marefu ili kuielewa kauli hiyo.

TUFANYE NINI?

Haki tunayoidai kwa walio mbali inatudai na sisi hapa nyumbani. Mlima Rungwe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Katika misitu yake na ile ya jirani ya Livingstone anaishi kipunji, nyani mdogo ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza mwaka 2005, ingawa wawindaji wa hapa walimfahamu tangu zamani. Anayeuchoma msitu huo anachoma makao ya kiumbe asiyepatikana ila katika misitu michache ya Tanzania. Tena anachoma chanzo cha Kiwira na mito mingine inayoteremka Kyela kunywesha mpunga. Mnyonge wa mtu wa mlimani ni mtu wa bondeni: ukikata mti juu, tope humfikia yeye.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache, yanayowezekana katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Kwanza, kila jumuiya iijue chemchemi iliyo karibu nayo na kuheshimu mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka ziachwe bila shughuli za kudumu. Pale kwenye mikaratusi inayonyonya maji, ipandwe miti ya asili. Pili, kila kaya ibaki na shamba la chakula mchanganyiko, hata kama zao la fedha lina bei nzuri. Tatu, tujenge upya ushirika wenye hesabu za wazi, ili mkulima asiuze mkungu kwa bei ya kutupa kwa sababu tu lori linaondoka. Nne, jumuiya iwe na akiba ndogo ya chakula kwa ajili ya wajane, wagonjwa na wale ambao tope limewachukulia kila kitu. Asiwepo anayekula kwa kujificha.

Wapendwa, haya hayatapunguza peke yake joto la dunia. Lakini jamii iliyozoea kugawana hukaa mezani na mataifa ikiwa na uso mkavu, maana haidai kwa wengine kile ambacho yenyewe haitendi. Mvua ya Ziwa Nyasa hunyesha Rungwe, Makete, Karonga na Chitipa bila kuuliza hati ya kusafiria. Chakula nacho kiwe na njia.